Tujue Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri
Mazungumzo kwa wenye jenereta, pampu za maji na magari ya zamani



Tunajua kwamba wengi wenu hamna mashine mpya. Mna jenereta iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita, pampu ya maji iliyopita mikononi mwa watu wawili au watatu, au gari lililotembea Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Hatukuja kuwashauri mziuze. Mashine ya zamani ikitunzwa hufanya kazi muda mrefu, na kwa wengi wetu ndiyo tunayoimudu.

Tumekuja kusema jambo moja. Mashine inaposimama, mwenye mali huingiwa na hofu ya kupoteza siku ya kazi, na katika hofu hiyo hununua kipuri kabla ya kujua chanzo cha tatizo. Kipuri hicho kikishindwa kuponya mashine, hununua cha pili, kisha cha tatu. Fedha zikiisha, tatizo lingali pale pale. Leo tungependa kuonyesha namna ya kuizuia hasara hiyo. Hatuombi kila mtu awe fundi. Tunaomba kila mwenye mashine awe shahidi mzuri wa mashine yake.

Mfano wa jenereta ya duka

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana duka la samaki wa kugandishwa. Umeme ukikatika, jenereta ndogo ya petroli ndiyo inayoyaokoa majokofu. Siku moja anavuta kamba mara kumi na mashine haiitiki. Fundi anaitwa. Anafungua plagi, anaigusisha kwenye chuma cha injini, anavuta kamba, haoni cheche. Anasema plagi imekufa. Plagi mpya inanunuliwa, na cheche haionekani. Anasema basi ni koili. Koili inanunuliwa, na cheche haionekani. Siku ya tatu samaki wameharibika, na mama anaambiwa kwamba injini imekwisha, atafute nyingine.

Jirani mwenye mashine ya kusaga anapita, anachomoa kijiti cha kupimia oili, na anakikuta kikavu. Anaongeza oili mpaka kwenye alama. Anavuta kamba mara mbili, na jenereta inawaka.

Hapakuwa na muujiza. Injini nyingi ndogo za jenereta zina swichi ndani ya sehemu inayohifadhi oili. Oili ikishuka chini ya kiwango, swichi hiyo hukata cheche kwa makusudi ili injini isizunguke kavu na kujisaga. Hata mashine ikiwekwa mahali penye mwinamo, swichi inaweza kudhani kwamba oili imepungua. Kwa hiyo plagi ya mama yule ilikuwa nzima, koili ilikuwa nzima, na injini ilikuwa inajilinda. Si lazima tuseme fundi alikuwa mwizi. Aliruka hatua ya kwanza, ambayo haikugharimu hata senti, akaanzia hatua inayohitaji fedha.

Tungeongeza onyo moja. Wapo wanaoukata waya wa swichi hiyo ili mashine iwake bila kusumbua. Kuutenganisha kwa dakika chache wakati wa kupima ni kazi halali ya fundi. Kuuacha hivyo ni kuondoa mlinzi mlangoni. Siku oili itakapokwisha kweli, hakuna kitakachoizuia injini kufa.

Mambo manne ambayo injini huyahitaji

Injini ya petroli, iwe ya jenereta ya kubebwa kwa mkono au ya gari, huhitaji mambo manne: mafuta yanayofaa, hewa safi, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Likikosekana moja, injini haiwaki. Likidhoofika moja, injini huwaka kwa shida, hukohoa, hukosa nguvu au hula mafuta kupita kiasi. Mwenye kuyashika manne haya hapotei njia, kwa sababu kila dalili huangukia upande mmojawapo.

Kanuni yetu ni kuanza na kisichogharimu kitu, kisha kinachogharimu kidogo, na kumalizia na kinachogharimu sana. Kabla ya kushika spana, jiulizeni haya. Je, swichi ya kuwashia iko mahali pake? Je, koki ya petroli imefunguliwa? Je, oili imepimwa mashine ikiwa mahali tambarare? Je, vifaa vyote vya umeme vimechomolewa kabla ya kuwasha? Maswali haya huonekana ya kitoto, lakini mashine nyingi zimebebwa mpaka gereji zikiwa na koki iliyofungwa.

Mafuta

Petroli huzeeka. Ikikaa tangini mwezi mmoja au zaidi, hasa kwenye joto, sehemu zake nyepesi huruka, na inayobaki huanza kuacha utomvu. Ndani ya kabureta kuna kijitundu kinachoitwa jeti, chembamba sana, na utomvu kidogo tu hutosha kukiziba. Dalili yake inatambulika kwa urahisi: mashine huwaka choki ikiwa imevutwa, na ukiirudisha choki, huzima. Maana yake ni kwamba injini ina njaa ya mafuta. Katika hali hiyo watu wengi huuziwa kabureta mpya, ilhali mara nyingi ile ya zamani inahitaji kusafishwa tu.

Ipo njia ya kupima bila gharama. Chini ya bakuli la kabureta huwa na skrubu ya kumwagia mafuta. Mashine ikiwa imepoa, na pasipo moto wala sigara karibu, kingeni mafuta hayo kwenye chombo cha kioo. Maji yakiwamo, yatakaa chini na petroli juu yake, kwa kuwa hayachanganyiki. Mkiona kutu au uchafu, tangi nalo linahitaji kusafishwa, maana kuiosha kabureta na kuliacha tangi chafu ni kuirudia kazi ile ile juma lijalo. Fundi anayezibua jeti kwa waya wa chuma azuiwe kwa upole. Waya huongeza ukubwa wa tundu, na injini itaanza kula mafuta daima. Dawa ya kusafishia kabureta pamoja na upepo wa kompresa vinatosha.

Kinga yake ni rahisi. Mashine isiyotarajiwa kutumika kwa majuma kadhaa ifungwe koki ya petroli ingali inaunguruma, iachwe mpaka izime yenyewe. Bakuli la kabureta litabaki tupu, na utomvu hautapata mahali pa kukaa.

Wenye injini za mipigo miwili, kama vile misumeno ya miti na baadhi ya mashine za kufyekea, wakumbuke kwamba injini hizo hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Mtengenezaji akiandika sehemu 50 kwa 1, maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Akiandika 25 kwa 1, ni mililita 40. Kipimo kiwe chombo chenye alama. Kifuniko cha chupa na makadirio ya macho vimeua injini nyingi.

Hewa

Nchi yetu ina vumbi, na vumbi ni mchanga uliosagwa. Likipita chujio na kuingia ndani ya silinda, husugua ringi na kuta za silinda kama msasa. Chujio lililoziba nalo huifanya injini ivute mafuta mengi kuliko hewa, ndipo hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa, hutiwa oili kidogo, kisha hukamuliwa. Chujio la karatasi haliwekwi majini. Hugongwagongwa taratibu ili vumbi lidondoke, na likichakaa hubadilishwa. Kuendesha injini bila chujio, hata kwa siku moja ya kazi shambani, ni kununua ringi mpya kwa mkopo.

Cheche

Plagi ikifunguliwa ina mengi ya kusimulia. Ncha yenye rangi ya kijivu au kahawia hafifu huonyesha kwamba injini inachoma vizuri. Masizi makavu meusi huonyesha mafuta mengi au hewa kidogo, kwa hiyo rudini kwenye chujio na choki. Unyevu wenye mafuta mazito huonyesha kwamba oili inapenya na kuingia ndani ya silinda. Ncha nyeupe iliyoungua huonyesha joto kupita kiasi, pengine kwa sababu mafuta hayafiki ya kutosha. Kwa hiyo plagi chafu mara nyingi ni matokeo ya tatizo, na kuibadilisha bila kushughulikia chanzo ni kuichafua mpya.

Nafasi kati ya ncha mbili za plagi ina kipimo chake, na kwa injini nyingi ndogo ni milimita 0.7 hadi 0.8. Cheche ipimwe kwa uangalifu: plagi ishikwe kwa koleo lenye mpini wa plastiki, iwekwe mbali na tundu lake, na petroli iliyomwagika ifutwe kwanza, kwa maana mvuke wa petroli huwaka kwa cheche hiyo hiyo.

Mgandamizo

Vuteni kamba polepole. Injini yenye afya hukataa kidogo mahali fulani, kisha huachia. Kamba ikivutika kama iliyofungwa kwenye gurudumu tupu, mgandamizo umepungua. Chanzo kinaweza kuwa vali, ringi, au gasketi ya kichwa cha silinda. Hapa ndipo fundi mwenye geji anahitajika, kwa kuwa baadhi ya injini zina kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha, na mkono peke yake unaweza kudanganya.

Hata hivyo, msikubali haraka kwamba injini imekufa. Ulizeni kwanza kama uwazi wa vali umepimwa. Kwa injini ya Honda GX160, ambayo ni miongoni mwa injini ndogo zinazojulikana sana, uwazi huo una kipimo chake kwa vali ya kuingizia na kingine kwa vali ya kutolea, nao hupimwa injini ikiwa imepoa. Vali iliyobana haifungi sawasawa, na mgandamizo hupotea. Kuirekebisha ni kazi ya muda mfupi, na mara nyingi haihitaji kipuri chochote.

Oili na hesabu ya saa

Injini nyingi ndogo hazina chujio la oili. Chembe za chuma zinazosagika hubaki zikizunguka ndani mpaka oili imwagwe. Kitabu cha injini tuliyoitaja huelekeza oili ya kwanza imwagwe baada ya mwezi mmoja au saa 20 za kazi, kisha kila miezi 6 au saa 100, kulingana na kinachotangulia. Wengi wetu hukumbuka miezi 6 na kusahau saa 100. Duka linaloendesha jenereta saa 4 kila siku hufikisha saa 100 katika siku 25. Mwenye duka anayesubiri miezi 6 ameiendesha injini zaidi ya saa 700 kwa oili ile ile. Injini yenyewe huhitaji kama nusu lita na kidogo tu. Ukilinganisha gharama ya oili hiyo na ile ya kununua jenereta nyingine, utaona mahali fedha zinapookolewa.

Magari ya zamani: kanuni ni ile ile

Mwenye gari naye hupitia njia ya mama wa jenereta. Tutaje mambo matatu yanayojirudia.

La kwanza ni betri. Gari haliwaki asubuhi, betri mpya inanunuliwa, na baada ya juma gari haliwaki tena. Kipimo kidogo cha umeme kingesema ukweli mapema. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, kwa magari mengi isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, tatizo lipo kwenye altaneta, mkanda wake au viunganishi vilivyoshika kutu, na betri mpya itakufa kama ya zamani. Kipimo hiki huchukua dakika mbili. Kiombeni kabla ya kutoa fedha.

La pili ni gari kuchemsha. Wapo wanaoshauri thamostati itolewe na kutupwa. Gari litaonekana limepona, lakini injini itachelewa kufikia joto lake la kazi, itakula mafuta zaidi, na chanzo kitaendelea kufanya uharibifu kimyakimya. Anzeni na kiwango cha maji injini ikiwa baridi, kisha mabomba yanayovuja, feni, mkanda, kifuniko cha rejeta, na rejeta iliyoziba. Maji yakipungua kila siku bila kuvuja popote, moshi mweupe ukiendelea kutoka hata injini ikiwa imepata joto, na oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya kichwa cha silinda imepasuka, simamisheni gari. Msifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Maji yaliyomo yako chini ya shinikizo na yamepita joto la kuchemka, nayo huruka usoni.

La tatu ni taa ya onyo kwenye dashibodi. Fundi huchomeka kompyuta, husoma namba ya hitilafu, na kusema kwamba sensa fulani imekufa. Namba ile huonyesha mahali ambapo dalili imeonekana, na haihukumu kipuri. Namba P0171, kwa mfano, husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, chujio la mafuta lililoziba, au sensa chafu inayohitaji kusafishwa. Muulizeni fundi swali hili kwa heshima: "Fundi, tumejuaje kwamba ni sensa yenyewe?" Fundi mzuri hufurahia swali hilo, kwa sababu ana jibu.

Kuna mahali pawili ambapo hatushauri kubana matumizi. Breki zenye kelele ya chuma, au kanyagio linalozama, hazisubiri mwisho wa mwezi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe takriban kila miaka 2. Matairi yana tarehe yake: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2315 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2015. Linaweza kuwa na kashata nzuri zinazong'aa dukani, na bado mpira wake ukawa umezeeka na kupasukapasuka.

Makubaliano kati ya mteja na fundi

Tunawaheshimu mafundi wetu. Wengi hujifunza kazi kwa miaka chini ya mti, kwa vifaa vichache, na hurudisha barabarani magari ambayo wengine wameyakatia tamaa. Makubaliano yaliyo wazi humlinda fundi sawasawa na mteja. Tunashauri mambo matano.

Kwanza, elezeni dalili na si hukumu. Semeni, "Huzima ninaporudisha choki," badala ya, "Kabureta imekufa." Pili, ombeni kazi ya kupima ilipwe peke yake, kwa bei mliyokubaliana. Fundi anayelipwa kwa kupima halazimiki kuuza kipuri ili apate riziki. Tatu, bei ya kazi na ya vipuri iandikwe kabla ya kuanza, na simu ipigwe kabla ya kuongeza chochote. Nne, kipuri cha zamani kirudishwe mkononi mwenu. Tano, mashine ijaribiwe mbele yenu ikiwa na mzigo wake wa kawaida kabla ya kumaliza malipo. Jenereta inayounguruma bila kuendesha jokofu haijajaribiwa.

Kuhusu vipuri na oili bandia, angalieni kifuniko kama kina muhuri ambao haujaguswa, maandishi kama yamechapwa vizuri, na bei kama haiko chini mno kuliko maduka mengine. Nunueni kwa muuzaji anayetoa risiti yenye jina la duka na maelezo ya kipuri. Anayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi hataitambua bidhaa yake siku mtakapoirudisha. Kwa vipuri vilivyotumika, muda wa kurudisha uandikwe kwenye risiti hiyo hiyo.

Mkiuziwa kitu kibovu au kwa udanganyifu, rudini kwanza kwa muuzaji mkiwa na risiti na kipuri chenyewe, na malalamiko yawe kwa maandishi. Asipowasikiliza, sheria ipo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Masuala ya ubora wa bidhaa yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Lakini vyombo hivyo huhitaji ushahidi. Mtu asiye na risiti huja na huzuni tu, na huzuni peke yake haitoshi kufungulia shauri.

Palipo na uhai

Mpaka hapa tumezungumza juu ya fedha. Sasa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi.

Moshi wa injini ya petroli una gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hupata kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, stoo, jikoni, au kibaraza kilichofungwa. Kufungua dirisha hakutoshi. Iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi lielekee mbali na milango na madirisha. Tunaelewa kwamba mnaogopa mvua na wezi. Jengeni kibanda chenye paa kilicho wazi pande zote, na mtumie mnyororo na kufuli. Wezi huiba mashine. Moshi huchukua familia. Mtu akipatwa na dalili hizo, mtoeni nje kwenye hewa safi na mmkimbize hospitali.

Msiongeze petroli injini ikiwa inawaka au ina moto. Izimeni, ipoe, ndipo mmimine. Msiingize umeme wa jenereta kwenye soketi ya nyumba ili uwashe taa zote. Umeme huo hurudi kwenye waya za barabarani, na fundi wa TANESCO anayedhani kwamba laini imekatwa anaweza kuuawa nguzoni. Fundi umeme aliyesajiliwa afunge swichi ya kubadilisha chanzo. Na kwa gari, mtu asilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Stendi za chuma ziwekwe kwanza.

Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yaliwahusu wafanyabiashara, nasi tunayaona yanaifaa kila mashine. Nunueni daftari dogo la shule kwa kila jenereta, pampu au gari. Andikeni tarehe, saa zilizofanya kazi au kilomita, oili iliyotiwa na aina yake, kipuri kilichobadilishwa, jina la duka na fundi, na dalili iliyoonekana. Risiti ibandikwe humo humo.

Mama wa jenereta angekuwa na daftari, lingemwonyesha kwamba oili yake iliangaliwa mara ya mwisho miezi mitatu iliyopita. Fundi angelisoma kabla ya kufungua plagi. Samaki wangepona. Na siku ya kuamua kama mashine iendelee kutengenezwa au iachwe, daftari hilo ndilo litakalotoa jibu la haki. Mkiona kwamba matengenezo ya mwaka mmoja yamekaribia bei ya mashine nyingine iliyo nzima, na mgandamizo umepimwa na kuonekana hafifu hata baada ya vali kurekebishwa, iageni mashine kwa heshima. Kabla ya hapo, msikubali kutishwa.

Tunapoachana leo, tunaomba kila mmoja wenu afanye kazi moja kabla ya kulala. Iwekeni mashine mahali tambarare ikiwa imepoa, chomoeni kijiti cha oili, tazameni kiwango chake, kisha andikeni mstari wa kwanza wa daftari.